Mwongozo kwa Aliyeingizwa Kwenye Kamati ya Mbwa Mstaafu

Umezaliwa Nyakitonto, wilayani Kasulu, kazi yako iko Dar es Salaam au Mwanza, na michango ya nyumbani umeshaizoea kiasi kwamba unaijibu ukiwa umesimama kwenye daladala. Jioni moja unaongezwa kwenye kundi la WhatsApp linaloitwa MATIBABU YA MSTAAFU WETU. Bila shaka ni mwalimu mkuu wako wa shule ya msingi, nani mwingine? Unaandika: "Mungu amponye mzee wetu. Naahidi elfu hamsini." Wajumbe wanakupigia makofi. Baada ya dakika mbili inatumwa picha, na mzee wetu ana mkia.

Usitoke kwenye kundi. Kutoka kunaandikwa na kila mtu anasoma, na mtu aliyekimbia ahadi ya mbwa atakumbushwa siku ya msiba wa kwao. Halafu mweka hazina ameshakuingiza kwenye orodha, namba kumi na nne, kwa herufi nzito. Kaa, na usome mwongozo huu kabla hujaandika kitu kingine.

Maelezo utayapata kwenye ujumbe wa sauti wa dakika saba, ambao ukiondoa salamu na kikohozi unabaki hivi: kijana wa kijijini alikuwa akiongoza mbwa wa kutafuta watu huko mbugani. Mbwa amefikisha miaka tisa, viuno vimegoma, na mwajiri ameona heri akabidhiwe aliyemzoea kuliko kupigwa sindano ya mwisho. Kijana amerudi nyumbani na begi moja, mbwa mmoja na karatasi ya chanjo. Mshahara haukurudi naye.

Kuhusu fedha

Kamati zetu zina uzoefu wa mambo mawili, harusi na msiba, na yote mawili yana tarehe. Harusi ikipita Jumamosi, Jumapili kamati inavunjwa na wajumbe wanakula kilichobaki. Mbwa mstaafu hana Jumamosi. Mbwa wa kazi huachishwa akiwa na miaka minane hadi kumi, na akitunzwa anaweza kufika kumi na mitatu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwafuatilia mbwa waliotafuta watu kwenye vifusi vya Septemba 11, 2001, mpaka wa mwisho alipokufa, na zaidi ya nusu walivuka miaka 12. Bretagne wa Texas, anayejulikana kuwa wa mwisho wa waliofanya kazi New York, alikufa Juni 2016 akiwa na miaka 16. Mweka hazina wenu asionyeshwe habari hii.

Kwa hiyo usichange kwa shangwe. Elfu kumi kila mwezi kwa miaka minne inamtunza mbwa. Laki mbili za mara moja zinatunza jina lako kwenye orodha. Na unapotuma, tuma na ya kutolea. Anayetuma elfu kumi kamili, halafu kijana akakatwa kwa wakala, amechangia elfu kumi kwenye kundi na pungufu kwa mbwa, na tofauti hiyo itazua mjadala utakaodumu kuliko ugonjwa wenyewe.

Hapo katikati atatokea mjumbe msomi wa kuwatajia nchi za wenzetu. Mwacheni aseme, kwa sababu mengine ni ya kweli. Polisi wa Nottinghamshire, Uingereza, walianzisha mwaka 2013 kitu kinachofanana na pensheni: mbwa akistaafu, mlezi wake anasaidiwa gharama za matibabu hadi pauni 500 kwa mwaka kwa miaka mitatu. Lakini mwambieni amalizie hadithi. Marekani, yenye mbwa wa jeshi tangu Vita Kuu ya Pili, ilingoja mpaka mwaka 2000 ndipo ikapitisha sheria ya kuruhusu mbwa hao wakizeeka wachukuliwe na watu wa kuwalea. Kabla ya hapo mbwa aliyechoka alihesabiwa pamoja na vifaa vilivyochakaa, na wengi waliishia kwenye sindano. Nyakitonto haijachelewa sana.

Mwingine atauliza kwa nini msiwaige watu wa Morogoro. Huyu ni hatari zaidi, kwa sababu mfano wake ni mzuri. Shirika la APOPO, lenye makao pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu, na sasa kuingia kwenye vifusi wakiwa na vibegi vidogo mgongoni. Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kupelekwa Kambodia, alipewa medali ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza Septemba 2020, akastaafu 2021, akafa Januari 2022. Uzee wake ulikuwa wa ndizi, karanga na usingizi, na watu wa mbali walichangia kila mwezi kulea panya kama yeye. Ndiyo, lakini Magawa alikuwa na uzito wa kilo moja na kidogo, na alizeeka mikononi mwa shirika. Wenu ana kilo thelathini na amezeekea kwenye kundi la WhatsApp.

Kuhusu kazi ambazo asipewe

Kijijini mbwa mkubwa anayetii amri maana yake ni polisi. Watu wanajua Kikosi cha Polisi Mbwa na Farasi, wameona mbwa wa gwaride kwenye runinga, na mwenyekiti wa kitongoji ameshapanga doria kichwani. Mkanye mapema. Mbwa wa kutafuta watu amefundishwa kwa mchezo: mtu anajificha, mbwa ananusa mpaka ampate, anabweka, na yule aliyejificha anamtolea mpira. Rudia hivyo kwa miezi na miaka, na unapata mnyama anayeamini kwamba kila binadamu aliyejibanza gizani ni rafiki mwenye mpira. Mwizi wa ndizi akijificha shambani, mstaafu wenu atampata, hilo halina shaka. Atambwekea kwa furaha, atakaa chini na kungoja zawadi. Mwizi mwenye akili atamrushia ndizi.

Watakaoumia ni watoto. Kwa muda wa mwezi mmoja hakuna mtoto atakayeweza kukwepa kwenda kuchota maji.

Asipewe pia kutafuta mbuzi. Ombi hilo litakuja, tena kwa heshima zote, kutoka kwa mama ambaye mbuzi wake hajarudi tangu jana. Mbwa huyu hajui mbuzi. Lakini akipotea mrina asali huko mashariki kwenye miombo, upande wa Moyowosi, nadhani hata mimi ningeenda kumgongea kijana mlango usiku. Kazi hiyo ni ya kweli na imefanywa karibu na kwetu. Mara Triangle kule Kenya wana mbwa wa kunusa nyayo tangu 2009, Virunga kule Kivu Kaskazini tangu 2011, na mbwa wa shirika la Big Life upande wa Amboseli, ambao kazi yao ni kufuata majangili, wameshaitwa kutafuta watoto waliopotea porini. Nairobi mwaka 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa, waokoaji kutoka Israeli waliingia kwenye vifusi na mbwa wao. Nusu saa ya kunusa haitamuua mzee. Kupanda na kushuka vilima vya kwetu Buha siku nzima kutamlaza wiki.

Kuhusu bwana mifugo

Mwite daktari. Awe na diploma ya chuo cha mifugo au shahada ya Sokoine, mwite daktari, maana ndiye aliyepo. Amesomea wanyama wote, lakini kata imemfundisha ng'ombe: kuogesha, chanjo, kuhasi, kumtoa ndama aliyekwama saa nane ya usiku. Usimletee makala uliyosoma kwenye simu. Mletee mafuta ya pikipiki. Hiyo siyo rushwa, ni umbali, na bajeti isiyo na kifungu cha mafuta ni bajeti ya kumtibu mbwa kwa maombi.

Ugonjwa wa kuuogopa upande ule ni wa ndorobo. Nchi hii inamjua mdudu huyo kuliko wataalamu: miaka ya 1930 serikali ya Waingereza ilihamisha vijiji vizima vya Buha na kuvibana pamoja kwa sababu ya malale. Mbwa wetu wa kienyeji huweza kuumwa na ndorobo akaendelea na shughuli zake. Mbwa wa mbegu za kizungu hana bahati hiyo. Anapata homa, anaacha kula, uso unavimba, na jicho linaingia ukungu wa rangi ya maziwa yaliyochanganywa na bluu. Jirani ataangalia jicho hilo na kusema ni uzee. Usikubali uzee wa siku tatu.

Dawa ipo, na inapatikana hata kwenye duka dogo la pembejeo, kwa kuwa ni ile ile ya ng'ombe: diminazini, unga wa manjano kwenye pakiti. Hapa ndipo mbwa wengi wa thamani wanapofia. Pakiti ya kawaida, ya gramu 2.36, imepimwa imtoshe ng'ombe wa kilo 300. Mstaafu wenu ana kilo thelathini. Ng'ombe akizidishiwa kidogo ananung'unika. Mbwa akizidishiwa, dawa inapanda kwenye ubongo, na baada ya siku chache anayumba, anapinda shingo, anapata degedege, na kundi zima linaandika kwamba amerogwa. Anahitaji sehemu moja ya kumi ya pakiti, siyo "kama nusu hivi".

Lazima apimwe uzito, basi, na hilo ni shughuli. Mizani ya kliniki ya watoto, ile ya kuning'inia, inaishia kilo 25, na muuguzi hatakubali hata kama ingefika mia. Nenda kwa mnunuzi wa maharage siku ya gulio. Chukua kiroba, toboa matundu manne, pitisha miguu, funga juu ya mgongo, tundika kwenye ndoano. Mbwa aliyezoea kushushwa kwa kamba atatulia akiangalia watu. Watu hawatatulia. Mmoja atauliza kilo bei gani, mwingine atasema ameiva. Mshale ukisimama kwenye 31, toa uzito wa kiroba, andika namba kwenye karatasi na siyo kiganjani, kisha mpe daktari. Dawa iliyobaki baada ya kuchanganywa na maji haihifadhiwi kabatini mpaka mwezi ujao, hata kama mweka hazina ataumia. Kama jirani ana ng'ombe ambaye daktari ameshaona anaihitaji, achomwe saa hiyo hiyo. Utapata rafiki.

Kuhusu maumivu ya viungo, nakusihi. Kila mtu mwenye mgongo Tanzania anajua diklofenaki, na duka la dawa muhimu liko karibu kuliko daktari yeyote. Mbwa akianza kuamka kwa shida asubuhi za Juni na Julai, baridi ya kule juu ikiwa imeingia kwenye sakafu ya udongo, kuna mtu mwenye huruma atamfichia kidonge kwenye tonge. Diklofenaki na ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuziharibu figo. Ataanza kutapika, kinyesi kitakuwa cheusi kama lami, na huruma itakuwa imemmaliza. Zipo dawa za viungo kwa ajili ya mbwa, kama kaprofeni, na meloksikamu kwa kipimo cha mbwa. Ziagizwe mjini kupitia daktari, na zisichanganywe na nyingine. Lakini kabla ya dawa nunueni godoro dogo, mumpunguze uzito, na kijana amtembeze taratibu asubuhi. Godoro litaleta maneno. Kuna wajumbe ambao watoto wao hawalalii godoro. Nitarudi kwenye hilo.

Chakula kwa kifupi: ugali na dagaa waliooshwa chumvi, sawa, makombo ya mchuzi wenye vitunguu, hapana, vinavunja damu ya mbwa, mifupa ya kuku aliyepikwa, hapana.

Kuhusu swali la mzee

Wiki ya tatu au ya nne, mzee mmoja ambaye amekuwa kimya tangu kundi lifunguliwe ataandika: "Wanangu, CHF, ile bima ya afya, ilikuwa elfu thelathini, kaya ya watu sita, mwaka mzima. Kaya ngapi hapa kwetu hazikuwa na kadi? Na mbwa ana laki nne na godoro."

Kundi litanyamaza. Wewe uliye mjini utasikia hamu ya kumtumia picha ya Magawa na medali yake. Usithubutu. Andika "Shikamoo mzee," kisha fikiri, maana mzee amesema kweli, na hadithi za ushujaa hazijibu kitu. Mbwa aliyetafuta watu wa mahali pengine hakuokoa mtu wa Nyakitonto. Ukisema anastahili, mzee atauliza nani asiyestahili, na hapo umekwisha.

Jibu liko ndani ya chupa. Mstaafu lazima achanjwe kichaa cha mbwa, na chupa ya chanjo iliyozoeleka ina dozi kumi. Ikishafunguliwa haingoji kesho. Mkimchanja yeye peke yake, mmenunua dozi kumi na kumwaga tisa. Sasa waza huyo mbwa anaishije: viuno vibovu, hawezi kukimbia, anapenda kila kiumbe chenye miguu miwili, watoto wamejaa uwanjani kwake kutwa nzima. Mbwa mwenye kichaa akipita kijijini, wa kwanza kung'atwa ni huyo, na wa pili ni mtoto aliyekuwa akimkuna masikio. Chanjo yake itamkinga yeye. Mtoto hukingwa na chanjo za mbwa wa majirani. Wataalamu waliwahi kukadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 1,500 kwa mwaka Tanzania, wengi wao watoto wa vijijini, na dalili zikishatokea hakuna hospitali ya kukimbilia. Wanasema pia kwamba ukichanja mbwa 70 katika kila 100, mara kwa mara, ugonjwa unakosa pa kupita.

Kwa hiyo mwandikie mzee hivi: mzee, tunaomba kamati ibadilishe jina. Mbwa mmoja abaki mgeni rasmi, fedha zinunue chupa za kutosha kitongoji, kisha kata. Sindano moja ya mbwa ni fedha ndogo mno ukilinganisha na sindano za mtoto aliyeng'atwa, pamoja na nauli ya kumpeleka Kasulu tena na tena. Hili linamtibu mstaafu vizuri kuliko godoro, na linawatibu watu. Mzee hatajibu. Ataweka dole gumba, na hiyo kwa mzee wa kundi ni hotuba.

Panga siku ya chanjo na daktari mapema. Anaweza kuwa na chanjo za serikali zinazokuja kwa msimu, hasa kuelekea Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, na mkaongezea palipopungua. Jukumu la kamati ni barafu na kelele. Chanjo inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na kati ya Kasulu mjini na mwembe wa mkutano hakuna friji, kuna boksi tu na kijana wa bodaboda anayependa kusimama njiani kusalimia. Mkabidhi boksi mtu asiyependa watu.

Watakaoleta mbwa ni watoto, kwa kuwa wakubwa wako shamba. Watakuja na kamba za katani, mikanda ya suruali, vipande vya kanga, na mbwa ambao hawajawahi kufungwa tangu wazaliwe, kila mmoja akivuta upande wake. Daktari ataomba jina la mbwa aandike kwenye kadi, na mtoto ataangalia chini kwa sababu mbwa hana jina, au analo na ni la jirani. Andikeni Simba. Mstaafu alazwe pembeni, mbali na foleni, siyo kwa heshima bali kwa sababu atataka kumpata kila mtoto aliyejificha nyuma ya mwembe akiogopa sindano isiyo yake.

Kuhusu mwisho

Zungumzeni mapema, akiwa bado anatembea. Siku akishindwa kunyanyuka, akajisaidia alipolala, akakataa hata kipande cha nyama, itabidi mtu aamue, na huyo awe kijana mwenyewe pamoja na daktari, siyo kura ya kundi. Dawa ya kumlaza haimo kwenye begi la pikipiki. Inahitaji daktari wa wilaya, ahadi na nauli yake. Kifungu hicho kiwekwe pembeni tangu mwanzo, kwa jina lolote ambalo mweka hazina ataweza kulisoma bila kulia. Mkikosa, kuna mgambo atajitolea na rungu, kwa nia njema kabisa, na kijana hatawasamehe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo haitawasaidia kujitetea.

Kaburi liwe refu, fisi wapo. Na kama alikufa akiwa amebadilika tabia, anang'ata hewa, mate yanamtoka, hazikwi kwanza: kichwa kinahitajika maabara, kwenye barafu, na yeyote aliyemshika aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa alikuwa na kadi.

Kundi halitafungwa baada ya hapo. Kutabaki salio, na mweka hazina atapendekeza mbuzi wa kuwashukuru wajumbe. Kubali, mbuzi ni haki ya kamati. Ila deni la mafuta ya pikipiki lilipwe kabla kisu hakijatolewa, kwa sababu daktari aliongezwa kwenye kundi tangu siku ya chanjo, hajaandika hata neno moja, na anasoma kila kitu.